Bomba Lisizimie Mkononi

Hotuba kwa warina asali na wafugaji nyuki, wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora, Siku ya Nyuki Duniani

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, vijana wa vikundi, hamjambo. Viongozi wa kijiji, asanteni kwa kutukaribisha.

Leo ni tarehe 20 Mei. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hii mwaka 2017 kwa heshima ya Anton Janša, mfugaji nyuki wa Slovenia aliyezaliwa tarehe kama ya leo mwaka 1734. Mzee Janša tunamheshimu, lakini kwetu mwezi Mei una shughuli yake: muba umemaliza kutoa maua, masega yanafungwa, ndoo zinaoshwa, na watu wanaanza kuulizana nani anaingia porini lini. Ratiba inasema nizungumzie nyuki na mazingira. Waliotangulia wamelisema hilo vizuri, na sioni sababu ya kulirudia juani. Naomba niongee kuhusu kopo la bati lenye mvukuto, la kutulizia nyuki wakati wa kurina. Bomba la moshi.

Naona mzee mmoja pale anacheka. Bomba nalo linahitaji hotuba? Unawasha, unapuliza, umemaliza. Mzee wangu, nikuulize: katika watu unaowajua walioumwa na nyuki mpaka wakatupa ndoo na kukimbia, wangapi hawakuwa na bomba? Wengi walikuwa nalo. Lilikuwa mkononi, limezima. Mzinga uko wazi, masega yako nje, nyuki wameshachafuka, na mtu anaminya mvukuto unaotoa upepo mtupu. Hapo hakuna fundi wala mganga. Ndiyo maana nataka tukae na jambo hili mpaka lieleweke.

Nianze na nyuki mwenyewe. Nyuki mlinzi anapoona hatari mlangoni hutoa harufu, na mwiba ukishaingia kwenye ngozi ya mtu harufu hiyo humwagika palepale. Inanukia kama ndizi mbivu. Wanakemia waliitambua mwaka 1962, na jina lake la kitaalamu ni aseteti ya isopentili, lakini nyuki haitaji jina. Kwake maana yake ni "adui yuko hapa, njooni". Ndiyo maana ukidungwa mara moja kwenye kifundo cha mkono, wa pili na wa tatu wanakuja kwenye kifundo kilekile. Na ndiyo maana nawaambia vijana, ukitoka kula ndizi usiende mzingani, wala usijipulizie manukato kana kwamba unakwenda harusini.

Moshi unaivuruga simu hiyo. Nyuki hunusa kwa vipapasio vyake, na watafiti waliovipima mwaka 1995 walikuta kwamba baada ya kupata moshi, vipapasio vinapungukiwa na uwezo wa kunusa harufu ya hatari. Havifi. Vinarudi katika hali yake baada ya dakika kama 10 hadi 20. Shikeni hesabu hiyo, maana ndiyo inayotuambia kwa nini moshi wa mlangoni peke yake hautoshi kwa kazi ya saa nzima. Inabidi uendelee kuwakumbusha, kidogo kidogo, na kwa hiyo inabidi bomba liwe hai muda wote.

Kazi ya pili ya moshi iko tumboni. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, na nyuki wa misitu yetu ya miombo anaijua methali hiyo kuliko sisi. Kila kiangazi moto unapita msituni. Akinusa moshi, nyuki anakimbilia masegani na kujaza tumbo asali, ili kama nyumba itaungua asiondoke mikono mitupu. Aliyeshughulika kufunga mizigo hana muda wa ugomvi na wewe. Huko Cape Point, Afrika Kusini, moto mkubwa wa mwaka 2015 ulipita juu ya makundi ya nyuki yaliyojenga katika mapango ya mawe. Watafiti walipokwenda kuangalia, walikuta makundi yaliyojificha nyuma ya ukuta wa gundi ya nyuki yamesalimika, na nyuki wakaishi kwa akiba yao mpaka maua yalipochipua tena. Kwa hiyo unapopuliza moshi mlangoni, unamwamsha nyuki katika desturi ya kale sana, na desturi hiyo inahitaji muda. Inachukua dakika moja au mbili nyuki kuteremka masegani na kuanza kunywa. Ukipuliza na kufungua papo hapo, umepiga hodi na kuingia kabla hujaitikiwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaliangalii. Mzinga wenye njaa hauna cha kunywa. Mwisho wa kiangazi, kabla miti haijatoa maua vizuri, ukiuinua mzinga kidogo ukauona mwepesi, jua kwamba moshi utafanya nusu tu ya kazi yake. Nyuki hao watakuwa wakali, na huna sababu ya kuwafungua. Asali huna, unatafuta nini?

Sasa bomba lenyewe. Moshi na nyuki si uvumbuzi wa juzi. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri ya kale zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, kuna mchoro wa mtu ameshika chombo kinachofuka moshi mbele ya mizinga, na mwenzake anatoa masega. Watu wawili, angalieni: mmoja wa moshi, mmoja wa masega. Nitarudi hapo. Bomba lenye mvukuto tunalolijua lilianzia Marekani katika miaka ya 1870, kwa mfugaji aliyeitwa Moses Quinby wa New York. Lilikuwa jambo kubwa, maana mtu aliweza kupuliza kwa mkono mmoja. Lakini lilikuwa na ugonjwa: ukiliweka chini dakika chache, linazima. Aliyeutibu ni T. F. Bingham, miaka michache baadaye. Aliacha nafasi ndogo kati ya mdomo wa mvukuto na tundu la kopo. Ukiminya, upepo unaruka nafasi hiyo na kuingia koponi. Usipominya, hewa inajipitia yenyewe na moto unaendelea kupumua.

Nimesimulia hayo kwa sababu ya mafundi bati wetu. Fundi akiona ile nafasi anadhani ni kasoro, anaunganisha kwa kipande cha bomba na kuziba kabisa, anakukabidhi kazi safi isiyovuja. Kumbe amekurudishia ugonjwa wa Quinby. Ukiagiza bomba, mwambie fundi aache uwazi wa upana wa kidole hivi, tundu litazamane na tundu. Na ndani, chini kabisa, liwepo bati lenye matundu, limeinuliwa kidogo kutoka kwenye kitako, ili kuni zisizibe njia ya hewa. Bila bati hilo, majivu yanaziba tundu na bomba linakufa.

Na ukubwa wake? Mabomba mengine madogo yanayouzwa mjini yanamfaa mfugaji wa Ulaya anayefungua mzinga kwa mikono mitupu. Nyuki wetu ni wengine. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na kutoka huku kwetu, wakati huo Tanganyika, akitaka nyuki wanaoweza joto la kwao. Mwaka uliofuata baadhi ya makundi yalitoroka, yakasambaa sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini na kupanda hadi Marekani. Wafugaji wa Brazil waliozoea nyuki wapole walijikuta na wajukuu wa nyuki wetu. Walifanya nini? Walibadilisha mavazi, wakaisogeza mizinga mbali na nyumba, na wakatengeneza mabomba makubwa zaidi. Ikiwa waliopokea nyuki wetu waliona haja ya kopo kubwa, sisi wenye nyuki tunang'ang'ania kikopo cha nini?

Kuni za bomba mnazo wenyewe, hazinunuliwi. Kipande cha gunia kuukuu la katani ambalo halijawahi kubeba mbolea wala dawa. Samadi ya ng'ombe iliyokaukia juani mpaka imeisha harufu. Magunzi ya mahindi. Mti mkavu uliooza hadi unamong'onyoka mkononi. Huo naupenda kuliko vyote, unaungua polepole na moshi wake hauwashi macho. Maranda ya seremala yanafaa, mradi mbao haikupakwa rangi wala dawa ya mchwa. Ndugu zetu wa Pwani na Tanga wana makumbi ya nazi, wana bahati yao.

Visivyofaa ni mifuko ya salfeti na ya plastiki, mpira, na matambara yenye oili. Msitumie pia minyaa, ambayo utomvu wake unaunguza macho na moshi wake hauna huruma. Mafuta ya taa ya kuwashia yanaacha harufu ndani ya kopo, na harufu hiyo inaingia mzingani. Na kwa kuwa tuko Tabora, lazima niitaje tumbaku. Mabua yake ni mengi, yamekauka, yako karibu na bani la kukaushia tumbaku, yanashawishi. Wapo waliowahi kuyatumia wakafurahi kuona nyuki wanalala chini kimya. Walilala kweli, na wengine hawakuamka. Nikotini ni sumu ya wadudu, imetumika kama dawa ya kuulia wadudu shambani, na nyuki ni mdudu. Ongeza na dawa zilizopuliziwa shambani msimu mzima. Huo hauwezi kuwa moshi wa kumtuliza mnyama unayetaka akuletee asali mwaka kesho.

Kuwasha. Hapa nitakwenda polepole, na wanaojua wanivumilie.

Mwaga majivu ya jana yote. Weka chini kitu chepesi, majani makavu au kipande cha karatasi, washa, na minya mvukuto taratibu mpaka uone mwali. Usiharakishe kujaza. Ongeza magunzi machache au kipande cha gunia, minya, subiri kishike. Ongeza tena, minya tena. Kosa la wengi ni kujaza kopo lote juu ya kiberiti kimoja, moshi mwingi unatoka dakika tano za kwanza, mtu anaridhika, anaanza safari. Ule ulikuwa moshi wa majani ya juu. Chini hakuna kaa hata moja. Kaa la chini likishashika sawasawa ndipo unashindilia kuni kwa nguvu ya wastani mpaka kopo lijae, halafu juu kabisa unaweka ngumi moja ya majani mabichi. Majani mabichi yanapoza moshi na kuzuia cheche. Bomba lililojazwa hivyo linaweza kwenda zaidi ya saa moja.

Kabla hujausogelea mzinga, puliza moshi huo nyuma ya kiganja chako mwenyewe. Ukikuunguza, utamuunguza nyuki. Mabawa yake ni membamba kuliko ngozi yako. Moshi unaotakiwa ni mweupe, mzito, wa baridi. Ukiona umekuwa mwembamba wa bluu na kuna cheche, kuni zinaisha, ongeza kuni na majani mabichi. Halafu kaa chini dakika kadhaa, vaa mavazi yako bila haraka, liache bomba limesimama pembeni. Ukirudi bado linafuka, nenda. Likiwa limezima, shukuru limezimia hapo. Na lisilazwe chini kamwe, liegemezwe au litundikwe kwa kulabu yake.

Kazi yenyewe ifanyike jioni, saa kumi na moja kuelekea saa kumi na mbili, jua likiwa limepoa. Siyo saa saba mchana, wala siku ya upepo mkali au mawingu ya mvua. Mbuzi na ng'ombe waliofungwa karibu waondolewe kwanza, maana mnyama aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia, na nyuki wetu wanaweza kumfuata mtu au mnyama mita mia kadhaa. Nendeni wawili, kama wale Wamisri. Mwenye bomba kazi yake ni bomba tu. Akianza naye kushika masega, moshi umekosa mwenyewe.

Njooni kutoka nyuma au ubavuni, msisimame kwenye njia ya nyuki ya kutokea. Puliza mara mbili au tatu mlangoni, pumzi za taratibu. Subirini. Mtasikia mvumo wa ndani unabadilika, unakuwa mzito, hapo wanakunywa. Kwa mzinga wa viunzi vya juu, yaani vijiti vinavyoning'iniza masega, inua kiunzi cha pembeni, puliza kidogo kwenye ule uwazi, subiri, endelea na kinachofuata. Moshi upite juu ya viunzi, usiuelekeze ndani ya sega. Kwa mzinga wa gome ulioko mtini, bomba lina kulabu, livutwe juu kwa kamba likiwa wima, puliza mlangoni kwanza, kisha ndipo ufungue kizibo cha upande wa asali. Nyuki wakianza kuinua vichwa katikati ya viunzi na kukutazama kwa mstari, ndio wanakuambia muda wa pumzi nyingine umefika. Huna haja ya saa.

Ukidungwa, ukwangue mwiba mara moja kwa ukucha, maana kifuko chake kinaendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Halafu mwenye bomba apulizie moshi hapo mahali, kuifunika ile harufu ya ndizi. Nyuki uliowaponda nao hutoa harufu hiyo, kwa hiyo mkono mzito ni adui wa bomba. Na mtu akivimba uso, akabanwa kifua au akaishiwa nguvu baada ya kudungwa, hiyo siyo ya kupaka kitunguu. Apelekwe hospitali sasa hivi, asali itasubiri.

Nimewasikia wengine wakisema, kama moshi kidogo unatuliza, mwingi utatuliza zaidi. Hapana. Moshi ukizidi, nyuki hawajui tena pa kwenda, wanamwagika nje, wanaparamia ukuta, na kundi likisumbuliwa hivyo mara mbili tatu linahama. Nyuki wetu ni wepesi wa kuhama, mnalijua hilo. Wiki ijayo unakuta mzinga mtupu na kuanza kumshuku jirani. Na sega la asali lililo wazi linanyonya moshi. Mnunuzi akiweka kijiko mdomoni anajua, hata kama hasemi. Anashusha bei tu. Kwa miaka mingi asali ya misitu yetu imejulikana kwa harufu ya moshi, na wapo wanaoiita ladha ya asili. Mimi siikubali. Ladha ya asili ni ya maua ya miti yetu, muba na mtundu. Ile nyingine ni ya mwenge wa moto wa kurinia.

Na mwenge wenyewe, wazee wangu, niseme kwa heshima. Umetulea. Lakini mwenge unadondosha makaa juu ya majani makavu, usiku, mtu akiwa juu ya mti na akili yake iko kwa nyuki. Asubuhi msitu unawaka, na ukiwaka mwezi wa nane au wa tisa unakuta mtundu ukiwa kwenye maua. Umechukua ndoo moja, umeunguza ndoo za mwezi wa kumi na moja, zako na za mwenzako. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina vifungu vya kuzuia uchomaji ovyo, ila mimi sitishi mtu kwa sheria. Nasema hesabu. Bomba linafunga moto wake ndani ya bati. Ukimaliza kazi, ziba mdomo wake kwa majani mabichi, likose hewa, life lenyewe. Majivu usiyamwage njiani. Chimba shimo, mwaga maji, fukia.

Nimesema vya kutosha, na chakula naona kimeanza kunukia. Nyuma ya ofisi ya kijiji kuna magunzi, magunia kuukuu na samadi kavu, na mabomba yamepangwa kwenye benchi. Kila kikundi kichague mtu wake, aliwashe bomba lake kabla hatujala, aliweke wima penye kivuli, na asiliguse. Tutakula bila haraka. Bomba litakalokuwa bado linafuka tukimaliza kunawa, ndilo tutakalokwenda nalo manzukini, kwenye mizinga, saa kumi na moja. Yatakayokuwa yamezima, wenyewe watabaki nami hapa, tuwashe upya.